Turubai la Mzee Mwinyimvua

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, Kariakoo iliingiwa na wazimu wa vitu. Watu waliozoea kupanga foleni ya sabuni ya mgao, sasa walisimama dukani wakibishana kuhusu rangi ya beseni. Na mtu akishaanza kuchagua rangi ya beseni, haishii hapo. Ataanza kutaka kustarehe pia, tena kwa mitindo ambayo babaye hakuijua. Hamis wa Mtaa wa Kipata alikuwa mmoja wao. Aliuza vyombo vya plastiki, mzigo akiuchukua kwa Nilesh, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na ghala nyuma ya soko, na kwa Nilesh huyohuyo ndiko alikoichukua habari ya kwenda kulala ufukweni.

"Kila sikukuu anampeleka mkewe na watoto," alimwambia mke wake Kuruthumu. "Ng'ambo ya Kigamboni, mbele huko. Vibanda vya makuti, mivinje, bahari mlangoni. Hakuna umeme, hakuna bomba. Mnapika wenyewe, mnalala na upepo."

"Sasa starehe iko wapi hapo?" Kuruthumu aliuliza. "Hakuna umeme, hakuna bomba, napika mwenyewe. Si ndiyo hapahapa?"

Hamis alicheka mpaka akakaa chini. Lakini binti yao Nasreen, aliyekuwa amebana mlangoni akisikiliza, alishayasikia maneno "bahari mlangoni," na tangu hapo hapakuwa na amani ndani ya nyumba ile. Nasreen alikuwa wa miaka saba, meno ya mbele hana, mtoto wa pekee. Kuruthumu alimpata baada ya mimba kadhaa kumtoka, akiwa ameshaanza kukata tamaa na ndugu wa mume wameshaanza kusema pembeni. Basi mtoto wa namna hiyo akitaka bahari, utamnyima kwa maneno gani? Kuruthumu akakubali, akaanza kufungasha.

Na kufungasha kwenyewe alikujulia. Kwa kuwa kule hakuna kitu, alitaka aende na kila kitu. Ukumbini alipanga jiko la mchina na dumu la mafuta ya taa, chemli, chandarua, mchele, nazi na mbuzi yake. Akaweka ndoo mbili mpya na kata ya kuchotea, sabuni ambayo haijafunguliwa, shuka nyeupe za Dubai zilizokuwa bado na mikunjo ya dukani. Akaweka pamba, maana watoto huumia. Akaweka udi, moshi wake mbu hawaupendi. Mpangaji wao Mektilda, muuguzi aliyekaa chumba cha uani na binti yake mchanga Josepha, alimshauri abebe na karafumaiti ya kufukuzia wadudu kwenye nguo, naye akaifunga kwenye leso.

Kikwazo kikawa kimoja. Siku moja kabla ya safari, Nilesh alileta habari kwamba vibanda vyote vimechukuliwa na watu wa sikukuu. Anayetaka kuja aje, ila aje na hema lake. Hamis alizunguka Kariakoo nzima. Siku hizo ungepata hapo redio ya kaseti na viatu vya harusi vya mzungu aliyekwisha achana na mkewe, lakini hema hakuna. Mchana ule akarudi nyumbani na mkokoteni, jasho linamtiririka, uso umejaa ushindi. Juu ya mkokoteni kulikuwa na turubai.

Lilikuwa la kijani lililopauka, zito, turubai la kweli la zamani, na kamba zake na miti yake. Lilinuka vumbi la dari na moshi wa kuni.

"Umelitoa wapi?" Kuruthumu aliuliza.

"Kwa Mzee Mwinyimvua. Mwenyewe kaenda Rufiji. Mwanawe Mudi anauza vitu vyote, anataka kuanza kukodisha viti vya plastiki."

Mzee Mwinyimvua alijulikana mitaa yote ile. Ukiwa na harusi au msiba, kwake ndiko ulikokwenda kukodi turubai, majamvi na masufuria makubwa. Kuruthumu alisita kidogo. Mume wake hakumpa nafasi.

"Turubai ni turubai," alisema. "Tulisimike hapa uani tuone kama linavuja, halafu nirudi dukani."

Walilisimika. Nyumba ile ilikuwa ya Kiswahili, korido moja ndefu kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba huku na huku, na uani penyewe palikuwa pa jiko, choo na chumba cha Mektilda. Turubai likaenea uani kote. Kivuli chake kikawa cha kijani, na jua la Dar likaonekana dogo tu kwenye vitundu viwili vitatu. Kuruthumu akatandika jamvi chini yake ili Nasreen aonje safari kabla ya safari. Nasreen akajitupa katikati ya jamvi, akatanua mikono.

"Mama, tumeshafika!" alisema.

Hamis akarudi dukani akipiga mluzi.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mektilda, ametoka zamu, Josepha mgongoni. Alipoona turubai alidondosha kikapu, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Uwii! Jamani, ni nani? Ni nani?"

"Tulia, mwenzangu, hakuna aliyekufa," Kuruthumu alisema akicheka. "Ni hema letu la baharini."

Mektilda alikaa chini pale pale, akajipepea. "Dada Kuruthumu, mna roho ngumu nyie. Mtu anakwenda kustarehe na turubai la matanga?" Wote wawili wakacheka. Kisha akaingia jirani wa nyumba ya tatu, naye ameshajifunga khanga kiunoni tayari kwa kuosha masufuria, akaelezwa, akasonya, akaondoka. Akaja mwingine. Kuruthumu akaeleza tena. Mwisho mdomo ulimchoka. Mektilda aliingia chumbani kwake kulala, Nasreen naye usingizi ulimpitia palepale jamvini, na uani pakawa kimya.

Ndipo alipoingia bibi mmoja.

Alikuja kwa korido, polepole, bila kupiga hodi, kama wanawake wanavyoingia nyumba ya msiba. Alivaa kaniki mbili za kizamani na mtandio mweusi. Alipofika ukingoni mwa turubai alivua makubadhi yake, akayapanga vizuri, akaingia.

"Shikamoo, bibi," alisema Kuruthumu.

Bibi hakuitikia marahaba. Alimtazama Kuruthumu machoni kwa huruma nyingi mno.

"Pole, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini.

Hapa ndipo penyewe. Kuruthumu alilelewa vizuri. Mtu mzima kama yule, amejikongoja kutoka kusikojulikana kuja kukuhani, utamkata vipi usoni kwamba amekosea nyumba? Alifikiri amkalishe kwanza, ampe maji, kisha amweleze taratibu ili asiaibike. Na mdomo wake, uliozoea adabu tangu utoto, ukatangulia.

"Nimeshapoa, bibi."

Bibi akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. Akakaa jamvini, akanyoosha miguu. Nyayo zake zilikuwa nyeupe, zimejikunja ngozi, nyayo za mtu aliyeshinda majini.

Kuruthumu akaenda jikoni kuchota maji ya kunywa. Hakukawia. Alipogeuka na kikombe mkononi, chini ya turubai walikuwa wameketi wanawake wengi.

Hakuwasikia wakiingia. Walikaa kwa mistari, mabega yakigusana, nyuso wameinamisha. Hakuna aliyekohoa wala kujipepea, na joto la uani pale lilikuwa la kuchemsha ubongo. Katikati yao, kwenye nafasi waliyoiacha, Nasreen alikuwa bado amelala.

Kuruthumu alijiambia bibi amekuja na ukoo wake. Akapita pembeni, akainama sikioni mwa yule bibi.

"Samahani, bibi yangu," alinong'ona. "Hapa hakuna msiba. Ni turubai tu."

"Si umeshapoa?"

"Nilisema tu, bibi. Sikutaka..."

"Umejiandaa vizuri," bibi alisema, akielekeza kidevu ukumbini. "Ndoo mpya. Sabuni. Shuka nyeupe. Pamba, udi na karafumaiti. Mimi sikujiandaa. Mimi ilinikuta ghafla."

Kuruthumu alitazama ukumbini. Vitu vyake vyote vya safari vilikuwa palepale alipovipanga. Aliviona upya, kimoja kimoja. Kikombe kikamtoka mkononi.

"Mnamngoja nani?" aliuliza.

Bibi alimtazama Nasreen.

"Yuko njiani," alisema. "Safari hii tumekuja mapema."

Kuruthumu alimrukia mwanawe. Alikanyaga kaniki, alikanyaga mikono, na chini ya miguu yake hakusikia kitu ila jamvi lililolowa. Alimnyanyua Nasreen. Mtoto alikuwa mzito. Nywele zake zilikuwa zinachuruzika maji, na alipomgeuza kifudifudi alikohoa, na maji yakamtoka mdomoni na puani, mengi, yakamlowesha mama kifuani. Kuruthumu aliyaonja midomoni mwake bila kutaka. Yalikuwa ya chumvi.

"Hatuendi!" alipiga kelele. "Hatuendi tena baharini! Mmesikia? Hatuendi!"

Hakuna aliyeinua uso.

Alikimbilia kamba ya turubai aling'oe. Fundo lilikuwa limelowa, limevimba, kucha zake zikavunjika juu yake. Alitazama juu. Turubai lilikuwa limetuna upepo, linavuta kamba zake zote. Uani hapakuwa na upepo. Hata moshi wa jikoni ulikuwa umesimama.

Mektilda alitoka chumbani mbio, Josepha mkononi. Alipita katikati ya wanawake wale kama mtu anayepita uwanjani, akamweka binti yake chini, akampokea Nasreen na kumlaza ubavu.

"Amekunywa nini huyu? Kaanguka kwenye pipa?" Aliingiza kidole mdomoni mwa mtoto, akamkamua tumbo. Maji yakatoka. Yakatoka tena. "Mbona hayaishi? Dada, mbona hayaishi?"

"Huwaoni?" Kuruthumu alinong'ona.

"Siwaoni nani?" Kisha macho ya Mektilda yakaangukia ukingoni mwa turubai. Pale chini palikuwa pamejaa makubadhi na ndara, jozi kwa jozi, zimepangwa vizuri, zote zinachuruzika maji. "Dada," alisema polepole, "ndara za nani hizi zote?"

Wakati huohuo mlango wa mbele ulisukumwa. Mzee Mwinyimvua alikuja kwa korido akihema, kanzu yake ya safari ina vumbi la Rufiji. Kwake alikuta dari tupu, akambana mwanawe mpaka akasema, akakimbia. Lakini alipofika mwisho wa korido alisimama. Hakuweka hata kidole chini ya turubai.

"Umejibu?" alimuuliza Kuruthumu. "Kuna aliyekupa pole, ukajibu?"

Kuruthumu aliitikia kwa kichwa. Mzee alishika ukuta.

Alisema harakaharaka, kwa mnong'ono, macho yakiwa jamvini. Kabla ya vita vya Kagera, familia moja ya Magomeni ilipeleka watoto baharini siku ya Idd. Binti yao mmoja hakurudi. Walimtafuta, mwili haukuonekana. Wakaja kukodi turubai. Mama wa mtoto, aliyempata uzeeni, akakaa chini yake, na kila anayempa pole alimgeuzia uso. Alisema siku atakayotamka kwamba amepoa, ndiyo siku atakayokuwa amemuua mwanawe kwa mdomo wake. Watu walikaa wakachoka. Wanaume wakaling'oa turubai yeye akiwa ndani yake ameketi. Hitima haikusomwa. Jioni yake akaingia baharini na nguo zake.

"Pole zote zile hazikupokewa na mtu," alisema mzee. "Zilikunjwa humo. Ndiyo maana nililipandisha dari, sikulikodisha tena. Sasa wewe umezipokea."

"Nizirudishe vipi? Mzee, niambie, mwanangu anakufa!"

Mzee Mwinyimvua aliinamisha kichwa. Alikawia kujibu, na ilionekana jibu lenyewe alilijua tangu alipokuwa njiani.

"Zikishapokewa hazirudi hewani. Mpe pole mtu mwingine. Awe na mtoto. Akijibu kwamba amepoa, zitamwendea yeye."

 Hakumtazama Mektilda. Hakuwa na haja.

Mektilda hakusikia. Alikuwa amepiga magoti, anamkamua Nasreen, anamwita jina, machozi yanamdondoka. Josepha alikuwa amekaa kando yake, ananyonya kidole. Ilibaki neno moja tu. Mektilda naye alilelewa vizuri, angejibu hata bila kufikiri. Kuruthumu alilisikia lile neno likimjia mdomoni, tamu kuliko kitu chochote alichowahi kukionja, na akamchukia Mektilda kwa kuwa karibu hivyo. Nasreen alikuwa ameacha kukohoa. Midomo yake ilikuwa ya bluu.

Kuruthumu aliuma ulimi mpaka damu ikatoka.

Kisha akavua ndara zake. Akaingia chini ya turubai, safari hii taratibu, akipita mahali pa kupita kati ya mistari, akaenda kukaa mbele ya yule bibi, goti kwa goti, kama anavyokaliwa mfiwa. Akamshika mkono. Ulikuwa baridi, laini kama mkate uliolowa.

"Pole, mama," alisema.

Bibi akageuza uso.

Kuruthumu akasogea upande ule aliougeukia. "Msiba huu ni wako. Mimi nimeupokea kwa adabu tu. Pole, mama yangu."

Bibi akageuza uso tena. Kuruthumu akasogea tena. Nyuma yake alimsikia Mektilda akisema, "Nasreen! Nasreen, mwanangu, usilale!" Hakuwa na dua wala dawa. Alikuwa na swali moja tu, swali la mama kwa mama, na ajabu ni kwamba lilikuwa la kweli.

"Alikuwa anaitwa nani?"

Wanawake wote wakainua nyuso.

Kuruthumu hakuzitazama. Mpaka leo hajamwambia mtu alichokiona kwa pembe ya jicho. Aliendelea kumtazama bibi tu, na bibi, kwa mara ya kwanza, akamtazama naye.

"Tausi," alisema bibi.

"Pole kwa Tausi," Kuruthumu alisema, akaanza kulia. Hakuwa anaigiza. Alimlilia mtoto asiyemjua aliyekufa sikukuu na nguo mpya, akazililia na mimba zake ambazo hakuna aliyezikalia matanga. "Pole sana kwa Tausi, mama."

"Nikisema, hatarudi."

"Hatarudi, mama. Na ukimchukua wangu, wako bado hatarudi."

Maji yalidondoka kutoka kwenye turubai, tone, tone jingine. Mektilda aliacha kuita. Kuruthumu alijua maana yake, lakini hakugeuka. Aliubana ule mkono wa baridi kwa nguvu zake zote.

Mdomo wa bibi ulifunguka. Ukajifunga. Ukafunguka.

"Nimeshapoa," alisema.

Na hapo kilio kikalipuka. Kilitoka kwenye vinywa vyote kwa pamoja, kilio kilichokuwa kimekunjwa miaka yote ile. Kilitikisa mabati. Kilisikika hadi sokoni, watu wakaacha bidhaa wakaja mbio, na wapo mpaka sasa wanaoapa kwamba walikisikia. Kamba za turubai zikakatika zote, likaanguka juu ya vichwa vyao, zito, lenye maji. Chini ya giza lile Kuruthumu alitambaa akipapasa, hakuna bega aliloligusa, hakuna kaniki, mpaka akapata mguu mdogo. Ulikuwa na joto.

"Mama," alisema Nasreen, "nimekunywa maji mabaya."

Hamis alifika akiwa peku. Aliambiwa njiani kwamba kwake kumefiwa. Alimkuta mkewe amekaa juu ya turubai amemkumbatia mtoto, uani pamejaa majirani, na mkewe kila akipewa pole anakaza midomo, hajibu. Makubadhi na ndara zote hazikuwepo.

Mzee Mwinyimvua alisema turubai likazikwe kabla jua halijazama. Hakuna aliyebisha. Mchana lilikuja kwenye mkokoteni likisukumwa na mtu mmoja. Sasa wanaume wanne walilinyanyua kwa shida, wakalitoa nje mabegani. Na Mtaa wa Kipata ukafanya unavyofanya kila siku jeneza likipita. Wenye maduka walitoka, wapagazi waliweka mizigo chini, kila mmoja akaingia kushika, akabeba hatua chache, akampisha mwingine. Hakuna aliyeuliza ni nani. Kuruthumu alisimama mlangoni akiwatazama mpaka walipokata kona, akaona wote wanalibeba lile turubai kama mtu.

Hamis alirudi baada ya magharibi, udongo umemjaa magotini. Alikaa kitandani. Nasreen alikuwa amelala, anapumua vizuri. Ukumbini vitu vya safari vilikuwa bado vimepangwa. Hakuna aliyethubutu kuvigusa.

"Mmechimba wapi?" Kuruthumu alinong'ona.

"Hatukuchimba." Hamis hakumtazama. "Tumekuta kaburi liko tayari. Fupi. Mchimbaji alikuwa amekaa kando, anatusubiri. Kaniuliza mbona mmechelewa."

"Nani alimwambia achimbe?"

"Kasema bibi mmoja, kaja asubuhi na kipimo."

Kwa desturi ya pale, mchimbaji hapimi kwa macho. Aliyefiwa humpelekea kamba au fito yenye urefu wa maiti, achimbe sawasawa. Na asubuhi ile Hamis alikuwa bado anazunguka Kariakoo akiulizia hema. Hata kwa Mudi alikuwa hajafika. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kamba ya ukindu, ikiwa imezungushwa vizuri.

"Kanirudishia hii. Kasema bibi alimtajia jina. Kaburi la binti wa Hamis, Mtaa wa Kipata."

Kuruthumu aliichukua ile kamba. Hakutaka, lakini aliichukua. Akakaa kando ya mwanawe, akaishikiza ncha moja utosini, akaishusha taratibu mgongoni, gotini, hadi kisiginoni. Ilimtosha. Haikuzidi wala haikupungua.

Baharini hawakwenda, na hawajaenda tena. Nilesh aliuliza mara moja, akaona uso wa Hamis, akaacha. Kamba Kuruthumu hakuweza kuitupa, akihofia nani ataiokota, wala kuichoma, akihofia nini kitaungua. Ameifungia sandukuni. Kila inapokaribia Idd, fundi akishampima Nasreen gauni jipya, yeye husubiri binti asinzie mchana, hufunga mlango, huitoa, akampima kwa siri. Nasreen sasa ni msichana mkubwa, anamfikia mama yake begani, na kila mwaka Kuruthumu huomba kwa Mungu wake kamba ile, safari hii, iishie magotini.

Haijawahi kupelea.